Picha Ipo, Sauti Haipo

Baba mdogo alinipigia simu kutoka Morogoro. Filamu aliyowekewa kwenye flashi ilionekana vizuri kwenye deki yake, lakini ilikuwa bubu. "Mwanangu, nimebadilisha hadi waya wa sabufa, wapi!" Diski yake halisi ya filamu hiyo ilikuwa imechubuka, ikawa inakwama katikati, ndipo akaomba anakiliwe kwenye flashi.

Nilipofika sikugusa bisibisi. Nilianza kwa kuirudisha ile diski iliyochubuka. Dakika za mwanzo zilicheza, sauti ikatoka. Hapo deki, waya na sabufa vikatoka lawamani. Kisha nikabonyeza kitufe cha kubadili sauti kwenye rimoti: diski ilikuwa na sauti mbili, AC-3 na DTS. Ya kwanza ilisikika, ya pili ikawa kimya. Kwa vipimo hivyo viwili tu ugonjwa ulikuwa umeshajitaja. Nawaomba sana mafundi waanzie hapa, kwa maana deki nyingi nzima hufunguliwa bure.

Kwa nini diski iseme na nakala yake inyamaze? Diski ya DVD ina kanuni. Katika nchi za mfumo wa PAL, kama yetu, filamu lazima iwe na walau sauti moja ya aina ambayo kila deki inaifahamu: PCM, MPEG au AC-3, ile ya Dolby Digital. DTS ni ya hiari, kwa mtengeneza diski na kwa mtengeneza deki pia. Kuifasiri kunahitaji leseni ya kulipia, ndiyo maana deki nyingi za bei nafuu hazina uwezo huo.

Faili la kwenye flashi halibanwi na kanuni hiyo. AVI ni kapu tu; linabeba picha na sauti za aina nyingi, na jina la faili halikuambii kilichomo. Nikalichungulia kwenye kompyuta kwa programu ya MediaInfo. Picha ilikuwa Xvid, ambayo deki inaijua. Sauti ilikuwa moja pekee: DTS, chaneli sita, kilobiti 768 kwa sekunde. Aliyenakili alichukua sauti iliyoonekana nzito zaidi na kuiacha AC-3. Kwenye kompyuta yake bila shaka ilisikika, kwa kuwa programu za kuchezea filamu huko huifasiri DTS bila shida.

Dawa ni kubadilisha sauti peke yake. Wengi hulipitisha faili zima kwenye programu ya kugeuza, picha nayo ikabanwa upya; kazi inachukua saa nzima na zaidi, na picha inatoka na ukungu. Mimi nilitumia FFmpeg, programu ya bure, nikaiamuru inakili picha jinsi ilivyo na kuitengeneza sauti upya kuwa AC-3 ya chaneli mbili, kilobiti 192, sampuli 48,000 kwa sekunde kama ya awali. Dakika chache ikawa tayari. Kwa filamu ya dakika 90, sauti ilishuka kutoka megabaiti 518 hivi hadi 130.

Ila jaribio langu la kwanza liliharibika, na kosa lilikuwa langu. Nilichukua chaneli ya mbele kushoto na ya mbele kulia, nikaziacha nyingine. Muziki ulijaa sebule nzima, lakini waigizaji walifumbua midomo na maneno hayakusikika. Katika sauti ya chaneli sita, mazungumzo kwa kawaida hukaa chaneli ya kati. Ukiitupa, umeitupa hadithi yenyewe. Nikarudia, safari hii nikiigawa chaneli ya kati kushoto na kulia, ikiwa imepunguzwa desibeli 3 kila upande ili isizidi nguvu inapotoka spika zote mbili. Chaneli mbili za nyuma nikazichanganya humohumo, kila moja upande wake. FFmpeg hufanya hivyo yenyewe ukiiambia tu kwamba unataka chaneli mbili. Sauti inatoka chini kidogo, kwa hiyo sabufa inahitaji kuongezwa.

Deki ikikataa AC-3 ndani ya AVI, MP3 ndiyo kimbilio. Lakini iwe ya kilobiti zisizobadilika: ile inayopanda na kushuka huzichanganya baadhi ya deki, sauti ikaanza kuachana na picha polepole.

Kuachana huko hakuonekani mwanzoni. Kwa hiyo baba mdogo aliporidhika na kuniambia niende kupumzika, nilirusha filamu mbele hadi dakika kumi za mwisho, nikatazama midomo ya watu mpaka majina yalipoanza kupanda kwenye kioo.