Makaa-Sumaku: Uchambuzi wa Istilahi za Kusafisha Majitaka

Miongoni mwa taaluma ambazo istilahi zake hazijatulia katika Kiswahili ni ile ya kusafisha majitaka kwa makaa yatokanayo na mabaki ya mimea. Makala haya yanakusudia kupima njia zilizo mbele ya mfasiri wa taaluma hiyo, na kuonyesha kwamba baadhi yake zina hatari. Mifano tumeichukua Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, kwa kuwa huko maganda ya kahawa na mabaki ya migomba ni tele, na mkulima ana lugha yake imara kuhusu vitu hivyo.

Kwanza tuieleze dhana yenyewe. Mabaki ya mimea yakipashwa moto mkali, aghalabu kati ya nyuzi 300 na 700 za Sentigredi, katika chombo kisichopitisha hewa ya kutosha, hayageuki majivu bali makaa yenye vitundu vingi. Yakichanganywa na chumvi za chuma, kabla ya kuchomwa au baadaye, chembechembe za oksidi ya chuma hushikamana nayo. Unga wake ukitiwa katika majitaka hushika risasi, kadimi, shaba na metali nyinginezo. Kisha sumaku huutoa majini bila taabu ya kuchuja. Lakini hatuna budi kukumbuka kwamba metali hizo haziangamii. Zimehama tu kutoka majini na kuingia katika makaa.

Kosa la kwanza ni kuiita malighafi hiyo "taka za kilimo". Mwenye kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa lizungukalo nyumba, haoni taka hapo. Majani na vigogo vya migomba hutandazwa shinani, maganda ya kahawa hurudishwa ardhini, na hata nyasi za rweya, yaani mbuga iliyo nje ya vijiji, hukatwa na kuletwa kuwa matandazo. Ofisa atakayeandika kwamba "taka" hizo zikusanywe kwa kuwa hazina kazi, atakuwa amemnyang'anya mkulima mbolea yake kwa neno moja. Tuseme "mabaki ya mazao". Istilahi hiyo hutaja kitu bila kukihukumu.

Pili, jina la makaa. Anayekopa atasema "bayocha": neno lisilo na dhara, ila halimwambii kitu mwalimu wala mwanafunzi wake. Anayefasiri sisisi atasema "makaa hai", na msomaji atauliza ni uhai gani uliosalia katika kitu kilichokwisha kuungua. Wa tatu atasema "makaa-mbolea". Hili ndilo linalovutia kuliko yote, kwa sababu makaa safi ya namna hii hutumika kweli kurutubisha udongo. Na hili ndilo tunalolipinga kwa nguvu zaidi. Makaa yaliyokwisha kusafisha majitaka yamebeba risasi na kadimi. Yakiandikwa "makaa-mbolea" juu ya gunia, mkulima wa Muleba atayamwaga shinani mwa mgomba, wala hatakuwa na lawama, maana jina limemwelekeza hivyo. Kadimi hufyonzwa na mizizi, na kutoka hapo yaweza kufika katika chakula.

Tatu, tendo lenyewe. Wengi watasema makaa "hufyonza" metali. Kitambaa hufyonza maji: maji huingia na kuenea ndani yake. Lakini metali hizi hushikwa kwenye uso wa makaa na kwenye kuta za vitundu vyake, kama ndege anaswavyo na ulimbo, na kwa asidi zaweza kubanduliwa tena. Hayo ni matendo mawili, na mwalimu wa kemia anahitaji maneno mawili. Kiswahili kinayo tayari: kufyonza na kunasa.

Nne, "madini mazito". Katika mafunzo ya lishe tumewazoeza wananchi kwamba madini ni kitu chema mwilini. Kuyaita madini yale yanayodhuru ubongo na figo ni kujipinga. "Metali nzito" ni istilahi salama.

Tano, sifa ya sumaku. Kuna atakayependa "makaa ya chuma", kwa kuwa chuma ndicho kilichoongezwa. Buhaya jina hilo lina mwenyewe. Uchunguzi wa Peter Schmidt na Donald Avery, uliochapishwa mwaka 1978, ulieleza jinsi wahunzi wa huko walivyochoma matete ya kinamasi katika shimo la tanuri na kuyeyusha chuma kwa makaa. Mzee wa huko akisikia "makaa ya chuma" ataelewa makaa ya kuyeyushia chuma, na atakuwa na haki. Kwa hiyo twapendelea "makaa-sumaku", mradi ifafanuliwe kwamba makaa hayo huvutwa na sumaku, si kwamba yenyewe huvuta misumari.

Linabaki swali la makaa yaliyokwisha kutumika. Kiswahili kina desturi ya kukibadilisha kitu jina kinapobadilika hali: mpunga ukikobolewa ni mchele, na mchele ukipikwa ni wali. Hakuna apikaye mpunga kwa kudanganywa na jina. Basi makaa-sumaku yakishanasa metali, yasiitwe tena makaa-sumaku.

Tunapendekeza, kwa hiyo, istilahi hizi: mabaki ya mazao, makaa ya mabaki, kwa yale yasiyotiwa chuma, makaa-sumaku, unasaji, mbali na ufyonzaji, metali nzito, na makaa-sumu, kwa yale yaliyokwisha kusafisha majitaka. Hii ya mwisho ndiyo tunayoisisitiza kwa watumishi wanaotayarisha maelezo kwa wakulima. Iandikwe juu ya kila gunia, na isifupishwe.