Nani Atakumbuka? Kauli ya Kutendeka, Utani na Kumbukumbu ya Muhidin Gurumo wa Kisarawe

Ikisiri

Makala haya yanahakiki lugha inayotumika kuwakumbuka wanamuziki wa dansi nchini Tanzania baada ya kufariki, kwa kumtumia Muhidin Maalim Gurumo (1940–2014), mzaliwa wa Masaki, Kisarawe, kuwa kielelezo. Hoja inayojengwa ni kwamba tanzia ya magazetini na redioni huahidi kumbukumbu bila kumtaja mwenye jukumu la kukumbuka. Kinyume chake, utani wa msibani, wasifu na uimbaji wa bendi humteua mtu wa kuifanya kazi hiyo. Inapendekezwa kuwa uhakiki wa nyimbo za dansi ujifunze kwa mtani kuliko kwa mwandishi wa tanzia.

1. Utangulizi

Eneo la Mzenga limo katika nchi ya Uzaramo, ambayo leo imegawika baina ya wilaya za Mkoa wa Pwani, zikiwamo Kisarawe na Kibaha, na Jiji la Dar es Salaam. Mzenga na Masaki ni kata mbili za Kisarawe. Ukaribu wake na Dar es Salaam umeifanya nchi hii ionekane kama ua wa nyuma wa jiji, mahali pa mihogo, mkaa na nazi. Katika historia ya muziki wa dansi, hata hivyo, uhusiano huo una upande wa pili: jiji lilikopa majina ya ngoma zake kutoka ukanda huu.

Msondo ni ngoma ndefu ya unyago, na ndilo jina lililochukuliwa na bendi ya wafanyakazi iliyoanza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, ikawa JUWATA, kisha OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma. Sikinde ni ngoma ya Wazaramo, na ndilo jina la mtindo wa Mlimani Park, bendi iliyoanzishwa mwaka 1978. Mashabiki wa Mlimani Park waliuita mtindo huo “ngoma ya ukae”. Neno “ukae” katika Kizaramo maana yake ni nyumbani. Kwa hiyo watu wa makabila mengi waliokwenda kucheza dansi mjini walilitamka neno la kijijini bila kulazimika kujua limetoka wapi.

Gurumo ndiye mtu anayeziunganisha bendi hizo mbili kwa uwazi zaidi. Aliimba NUTA Jazz, akawa miongoni mwa walioijenga Mlimani Park, akahamia Orchestra Safari Sound mwaka 1985, kisha akarejea katika bendi ya wafanyakazi. Alitangaza kustaafu mwaka 2013, baada ya nusu karne ya kuimba. Alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Aprili 2014, akazikwa kijijini kwao Kisarawe. Swali la makala haya ni jinsi lugha ya maombolezo ilivyo na uwezo, au ulemavu, wa kumbeba mtu wa namna hiyo.

2. Tanzia na kauli ya kutendeka

Tanzia ya mwanamuziki nchini Tanzania ina umbo linalojulikana. Huanza na cheo cha heshima: gwiji, nguli, mkongwe. Hufuata orodha ya bendi, mwaka kwa mwaka. Hufungwa kwa sentensi mbili ambazo msomaji anaweza kuzikamilisha kabla hajazifikia: marehemu ameacha pengo lisilozibika, na mchango wake hautasahaulika.

Sentensi hizo zinastahili kuchunguzwa kisarufi. Katika ya kwanza, marehemu ni kiima cha kitenzi “acha”, lakini yambwa yake ni “pengo”, yaani kitu ambacho hakipo. Mtu aliyeacha mamia ya mistari, sauti na mbinu za kupokezana anaelezwa kuwa ameacha utupu. Tena pengo hilo “halizibiki”. Mnyambuliko wa kutendeka unalifanya jambo lionekane kuwa tabia ya pengo lenyewe, wala si matokeo ya mtu kujaribu au kutojaribu kuliziba.

Sentensi ya pili ina uzito zaidi. “Hautasahaulika” ni kauli ya kutendeka katika wakati ujao, katika hali ya kukanusha. Linganisha na “hatutausahau”. Katika umbo hili la pili kuna nafsi: sisi tunaahidi, na ahadi ikivunjwa tunaweza kuulizwa. Katika umbo la kwanza hakuna wa kuulizwa. Hata kauli ya kutendwa ingeruhusu mtenda kuongezwa kwa “na”: hautasahauliwa na wapenzi wa muziki, na bendi, na serikali. Kauli ya kutendeka haina nafasi hiyo. Kwa hiyo sentensi inayosikika kama ahadi kubwa kuliko zote ndiyo pia isiyomfunga mtu yeyote.

Ipo hoja ya kuitetea tanzia, nayo haifai kupuuzwa. Maneno ya msibani hayatakiwi kuwa mapya. Anayetafuta tamathali yake mwenyewe mbele ya wafiwa anaweza kuonekana anajitangaza. Fomula huwaweka wafu wote katika heshima moja, na humpa hata asiye na ufasaha neno la kusema. Hayo ni kweli kwa rambirambi zinazotolewa ana kwa ana, ambazo hufuatwa na mkono wa pole, sahani ya chakula na usiku wa matanga. Tatizo linazuka fomula hiyo inapohamia gazetini na redioni bila matendo hayo, ikawa ndiyo kumbukumbu yenyewe.

3. Mtani kama mhakiki

Desturi ya utani msibani, inayojulikana katika Uzaramo na sehemu nyingi za Tanzania, inatoa kielelezo tofauti kabisa. Mtani hutembea kama marehemu alivyotembea. Huvaa nguo yake, huiga kikohozi chake, ubishi wake, namna alivyokwepa madeni. Anaweza kulizuia jeneza mpaka apewe chochote. Wafiwa hucheka katikati ya kilio, wala hakuna anayeona kuwa marehemu amevunjiwa heshima.

Kwa mtazamo wa uhakiki, mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, mtani ni mtenda anayejulikana: ni yeye, kwa haki ya uhusiano wa kabila au ukoo wake, aliyepewa kazi hiyo. Pili, kazi yake haiwezi kuhamishwa kutoka kwa marehemu mmoja kwenda kwa mwingine. Tanzia ya mwimbaji mmoja inaweza kutumika kwa mwingine kwa kubadili jina na tarehe. Mwigo wa mtani ukihamishwa hauchekeshi tena, kwa sababu umeikosa ile hatua ya mguu iliyokuwa ya mtu mmoja tu. Tatu, mtani haogopi kasoro. Anajua kuwa mtu asiye na kasoro hawezi kuigwa, na asiyeweza kuigwa hawezi kukumbukwa kwa mwili.

Jambo la tatu linaonekana pia katika kumbukumbu ya Siti binti Saad, aliyefariki mwaka 1950. Mapokeo ya Unguja hayakuhifadhi sifa zake peke yake. Yalihifadhi pia kejeli alizoimbiwa kuhusu asili yake ya shamba na sura yake, pamoja na jibu lake la wimbo. Kejeli na jibu vimesafiri pamoja, kwa kuwa jibu bila kejeli halina nguvu. Shaaban Robert, katika Wasifu wa Siti Binti Saad, alichagua njia ya maadili: maisha ya mwanamke aliyetoka Fumba, akauza vyungu, akafika Bombay kurekodi santuri mwaka 1928, yanakuwa somo la bidii na utu. Uteuzi huo una gharama, kwani mara nyingine mwalimu humfunika mwimbaji. Hata hivyo wasifu huo una kitu ambacho tanzia haina: kuna mwandishi aliyejitwisha mzigo na kuweka jina lake chini yake. Baadaye Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania (TAMWA) kililiita jarida lake Sauti ya Siti. Hapo tena kuna mtenda anayeonekana, na kitendo chake ni kutoa jina.

4. Wito ndani ya chemko

Dansi lina njia yake ya kukumbuka, nayo imo ndani ya umbo la wimbo. Wimbo wa Mlimani Park au wa JUWATA huwa na sehemu ya kwanza ya utulivu, yenye kisa au nasaha, kisha sehemu ya chemko ambapo magitaa na matarumbeta hutawala. Katika chemko waimbaji huwaita wenzao kwa majina: mpiga solo, mpiga besi, rafiki aliye ukumbini. Wito huo huwa katika nafsi ya pili au katika amri. Mtu anaambiwa apige, aje, acheze.

Rekodi inapochezwa baada ya mmoja wao kufa, sarufi ya wito huo haibadiliki. Tanzia inasema “alikuwa”. Rekodi inaendelea kumwita. Maombolezo ya kawaida yanahitaji wakati uliopita ili yawe maombolezo, lakini chemko halina wakati uliopita. Ndiyo maana msikilizaji anaweza kuguswa zaidi na jina linaloitwa katikati ya gitaa kuliko na sifa zote zilizosomwa kaburini.

Vilevile dansi ni sanaa ya kupokezana. Katika Mlimani Park ya miaka ya mwanzo, sauti nyembamba ya juu ya Hassan Rehani Bitchuka na sauti pana ya Gurumo iliyokaa chini yake ziligawana kazi. Moja ilibeba uchungu wa mhusika, nyingine ikaupa uchungu huo kauli ya mtu mzima aliyekwisha kuona mengi. Mhakiki anayenukuu mashairi ya nyimbo hizo bila kuonyesha nani anaimba mstari upi ameifuta nusu ya maana. Mwimbaji kijana anapopewa sehemu ya marehemu jukwaani, bendi inalazimika kuamua kama aige sauti ile au alete yake. Uamuzi huo ni wa kihakiki kamili, ingawa hufanywa mazoezini na watu wasiojiita wahakiki.

5. Mtunzi, bendi na sheria

Kinachofanya suala hili lisiwe la hisia tu ni umilikaji. Kwa miongo kadhaa bendi zilirekodi katika studio ya Redio Tanzania Dar es Salaam, na wimbo ulifika masikioni mwa watu kwanza kwa jina la bendi. Msikilizaji aliyeijua Barua Kutoka kwa Mama kuwa ni ya Mlimani Park hakulazimika kumjua mtunzi. Gurumo alipostaafu, ilijulikana kuwa hakuwa na gari baada ya miaka yote hiyo, na Diamond Platnumz, mwanamuziki wa kizazi kingine, akampa moja. Tukio hilo lilipokelewa kwa haki kama tendo la heshima. Lakini zawadi hutegemea moyo wa mtoaji, ilhali malipo ya utunzi hutegemea kumbukumbu sahihi.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi ya mtunzi katika maisha yake na miaka 50 baada ya kifo chake. Kazi aliyoitunga Gurumo peke yake, basi, inalindwa hadi mwisho wa mwaka 2064. Kazi iliyotungwa kwa ushirikiano huhesabiwa tangu kifo cha mtunzi wa mwisho. Ili sheria hiyo iwe na maana kwa warithi, sharti ijulikane nani alitunga nini, nani alileta kisa, nani alipanga magitaa. Maarifa hayo kwa sehemu kubwa yamo vichwani mwa wanamuziki wazee. Mbaraka Mwinshehe alifariki mwaka 1979, Marijani Rajabu mwaka 1995, TX Moshi William mwaka 2006, Remmy Ongala mwaka 2010. Katika kila msiba wa aina hiyo, pamoja na mwimbaji huondoka shahidi wa nyimbo za wenzake.

6. Hitimisho

Uchambuzi huu umeonyesha kuwa tofauti kati ya namna za kumkumbuka mwanamuziki haimo katika wingi wa sifa bali katika uwepo wa mtenda. Tanzia huificha nafsi nyuma ya kauli ya kutendeka. Mtani, mwandishi wa wasifu na bendi huidhihirisha. Uhakiki wa nyimbo za dansi umekuwa mara nyingi upande wa tanzia: hutaja dhamira za mapenzi, umaskini na ulevi, ambazo zinaweza kuhamishwa kutoka kwa msanii mmoja hadi mwingine, na kuacha kile kisichohamishika.

Kazi inayodaiwa ni ya kawaida na inaweza kuanza sasa. Nyimbo ziandikwe kwa kusikilizwa pamoja na waliozipiga, kila mstari ukiwekewa jina la mwimbaji wake. Majina yanayoitwa katika chemko yatambuliwe. Maneno ya Kizaramo na ya lugha nyingine yaliyoingia katika mitindo yaelezwe na wenye lugha, wakiwamo wazee wa Mzenga, Masaki na Maneromango ambao bado wanaijua sikinde kama ngoma kabla haijawa bendi. Wanafunzi wa shahada za juu wanaotafuta mada wanazo hapa, kilomita chache kutoka vyuo vyao. Wakizifanya, sentensi ya kufungia tanzia ya mwimbaji ajaye itaweza kuandikwa katika nafsi ya kwanza wingi.