Lamu ni Kivutio au Mafikio?

Aghalabu vyombo vyetu vya habari huiita Lamu 'kivutio cha utalii'. Vingine husema 'kituo cha utalii'. Je, istilahi hizi zinatosha kubeba dhana ya mahali anakokwenda mtalii? Naona hazitoshi.

Kivutio hutokana na kitenzi vutia. Muundo wake ni ule wa kifuniko na kizibo, yaani kitu cha kutendea jambo. Ngome ya Lamu ni kivutio, na milima ya mchanga ya Shela vilevile. Lakini mji mzima? Neil Leiper, katika makala yake ya 1979, aliueleza utalii kama mfumo wenye eneo anakotoka mtalii, njia anayopitia na eneo anakofikia. Eneo hilo la mwisho lina vivutio, ndiyo, ila lina pia visima, shule na watu wenye hamsini zao. Tukiuita mji kivutio, wenyeji nao tumewafanya chambo.

Suala hili si la kamusini tu. UNESCO iliutia Mji wa Kale wa Lamu katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka 2001, na sifa yake kuu ni kwamba watu wameishi humo mfululizo kwa zaidi ya miaka 700. Sasa chukua Maulidi. Kwa waumini wanaokusanyika katika Msikiti wa Riyadha, hiyo ni ibada. Kwenye matangazo ya safari huwa tamasha, sawa na mashindano ya punda. Nani aulizwe iwapo kamera ziingie? Kivutio hakiulizwi kitu.

Kituo nacho kimeshachoka: cha polisi, cha mafuta, cha matatu. Mtu hukaa kituoni akitazama saa.

Napendekeza mafikio. Ati ni neno geni? Mpwani humuuliza mgeni, "Umefikia wapi?" au "Umefikia kwa nani?" Siri imo katika kiambishi -i- cha kauli ya kutendea: anayefikia hufikia kwa mtu. Mwenyeji yumo ndani ya neno lenyewe, ana mlango wa kubishwa hodi, na anaweza kusema karibu au subiri kwanza.

Baadhi ya wenzangu watapendelea 'kifikio' kwa kuwa umoja na wingi wake ni bayana. Sina ugomvi nao. Mzizi ni uleule. Ninayetaka kubishana naye ni mhariri anayepitisha 'kivutio cha Lamu' bila kuinua kalamu.