Mpangaji Mwenye Adabu

Namtazama rafiki yangu akiweka programu ya Perl kwenye seva ya kushirikiana, zile za bei nafuu ambamo wateja wengi wamebanana kwenye mashine moja. Kuwasha upya Apache hawezi. Kuweka moduli kwenye folda za mfumo hawezi. Amepewa FTP tu, basi. Wala halalamiki. Anaishi humo kama mpangaji wa Uswahilini anayejua ukuta upi si wake.

Kazi huanzia mstari wa kwanza. Faili lililoandikwa kwenye Windows hufunga kila mstari kwa alama mbili zisizoonekana. Unix inataka moja. Likipakiwa hivyo hivyo, alama ya ziada hung'ang'ania mwisho wa /usr/bin/perl, na seva huenda kutafuta programu isiyokuwepo, ikarudi na kosa la 500 bila maelezo. Ukiutazama mstari, hauna kasoro! Yeye hupakia kwa hali ya maandishi, kisha hulishusha faili tena alikague. Hatua hiyo hairuki, hata faili likiwa na mistari mitatu.

Ruhusa huzitoa kwa ubahili: 755, mwenye faili pekee ndiye aandike. Wenye haraka hubandika 777 wakidhani wamemaliza matatizo. Palipo na suEXEC, kinga ya Apache, skripti inayoweza kuandikwa na yeyote haiendeshwi kabisa, na ni haki. Moduli zinazokosekana huziweka kwenye folda yake mwenyewe, nje ya ile wanayoifikia wageni wa tovuti, kisha use lib huielekeza Perl huko. Huchagua zilizoandikwa kwa Perl tupu, maana hana pa kukompailia za C.

Larry Wall aliitoa Perl mwaka 1987, kabla ya wavuti. Baadaye moduli ya CGI.pm ya Lincoln Stein ikawa mkono wa kulia wa watengeneza tovuti, hadi toleo la 5.22, mwaka 2015, lilipoiondoa kwenye kifurushi kikuu. Sibishi: CGI, njia ya seva kuendesha skripti, huanzisha Perl upya kwa kila ombi, na hiyo ni gharama.

Kinachoniudhi ni uzembe uliofuata. Mtu anakodi mashine nzima kwa ajili ya fomu ya mawasiliano, anaingia kama root, anafungua kila ruhusa. Ikikwama anaifuta na kukodi nyingine, kumbukumbu ya hitilafu hajaisoma. Na huyo ndiye anayelipwa vizuri. Rafiki yangu wateja wanamhama, wakimwambia kazi yake imepitwa na wakati, ilhali fomu alizowawekea bado zinapokea barua.