Mwendawazimu wa Kitabuni na Mgonjwa wa Nyumbani

Utangulizi

Katika semina zetu za fasihi liko neno moja linalofanya kazi kuliko maneno yote: "anawakilisha". Kila mhusika lazima awakilishe kitu. Mlevi anawakilisha tabaka lililokata tamaa, changudoa anawakilisha nchi iliyouzwa, na mwendawazimu ndiyo usiseme: mara ni ukoloni mamboleo, mara ni usomi usio na mizizi, mara ni mgongano wa ukale na usasa. Makala haya yanauliza swali dogo tu. Huyo mwendawazimu, kabla hajawakilisha chochote, ni mtoto wa nani? Nani anampikia, nani anamwogesha, nani analala mlangoni ili asitoke usiku akapotea?

Hoja ninayoitetea ni kwamba uhakiki wetu umemgeuza mgonjwa wa akili kuwa ishara, na kwa kufanya hivyo umemfuta kabisa mtu anayemlea. Waandishi wana sehemu yao ya lawama, lakini iliyo kubwa ni yetu sisi wasomaji wao, wanafunzi pamoja na walimu.

Kama kipimo nachukua Kibaha na Kisarawe. Sababu ni mbili. Kwanza, ni jirani zetu, nasi wanafunzi wa fasihi simulizi huko ndiko tunakokimbilia na madaftari yetu. Pili, wilaya hizi mbili za Pwani zinatuonyesha njia mbili za tiba ambazo familia nyingi huzipita kwa zamu. Kibaha iko kwenye barabara ya Morogoro, ndiyo makao makuu ya mkoa, na ina Hospitali ya Rufaa ya Tumbi. Kisarawe, nyuma ya vilima vya Pugu, ni nchi ya Wazaramo yenye ngoma zake za uganga. Mtu wa Mzenga au Maneromango akichanganyikiwa, jamaa zake watakwenda huku, watarudi kule, kisha watabaki naye nyumbani. Hapo nyumbani ndipo fasihi yetu inapofunga pazia.

Kitaru na daktari wake

Tuanze na kazi inayojulikana na wote. Mashetani ya Ebrahim Hussein ilitoka mwaka 1971. Vijana wawili, Juma na Kitaru, wanacheza mchezo: mmoja shetani, mwingine binadamu. Mchezo unamwingia Kitaru, anaugua. Wazazi wanahangaika, daktari anaitwa, kijana anahojiwa.

Uhakiki wake tunaujua kwa moyo. Kitaru ni mwana wa tabaka jipya la Waafrika waliopata nafasi baada ya Uhuru na baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Juma ni mwana wa ukoo uliopoteza mali na hadhi. Shetani ni ukoloni anayebadili sura. Sina ugomvi na tafsiri hiyo. Tamthilia yenyewe inaiomba. Ugomvi wangu ni kwamba tukishaipata tunafunga kitabu, kana kwamba ule ugonjwa ulikuwa ganda la ndizi, ukishakula unatupa.

Hebu tusome tena. Hussein hakumweka mgonjwa wake porini wala sokoni akiokota makopo. Amemweka nyumbani, mbele ya baba na mama. Wazazi hawa wana uwezo, lakini uwezo wao hauwasaidii kumwelewa mtoto wao. Hofu yao, na lile jambo la kuzungumzia mgonjwa huku naye yupo, ni mambo yanayojulikana na kila nyumba iliyowahi kuwa na mgonjwa wa namna hii. Kwa maoni yangu hapa ndipo Mashetani inapozizidi kazi nyingi zilizoifuata: imekubali kwamba ukichaa unaipata familia nzima.

Na wenzetu mnaosoma kila kitu kwa jicho la matabaka, mbona hamjauliza swali la kitabaka lililo wazi kuliko yote? Yule daktari analipwa na nani? Kitaru anaugua akiwa na daktari wa kumsikiliza ndoto zake. Weka familia hiyohiyo kijijini Kisarawe, ambako kumfikisha mgonjwa Tumbi au Muhimbili ni nauli ya watu watatu, kwa sababu mgonjwa asiyetulia hasafiri na mtu mmoja. Hapo tamthilia ingekuwa nyingine kabisa, na swali la tabaka lingetoka kwenye ishara likaingia mfukoni.

Kichwamaji: ishara yenye mama

Euphrase Kezilahabi alitoa Kichwamaji mwaka 1974. Insha zetu huandika kwamba jina hilo ni ishara ya kizazi kilichojazwa elimu isiyofaa, kichwa kikubwa kisicho na kitu. Sawa. Lakini kichwa kujaa maji ni ugonjwa. Watoto wenye kichwa kikubwa hupelekwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, hufanyiwa upasuaji na kuwekewa mrija wa kutoa maji, na mama zao hukaa nao wodini. Katika riwaya, mtoto wa Manase mwenye hali hiyo ana mama, jina lake Salima. Ni insha ngapi zimewahi kuandikwa juu ya Salima kama mlezi wa mtoto mgonjwa? Mimi sijaona hata moja.

Tena yuko Kazimoto, msimulizi, ambaye anaishia kujiua. Tunamchambua kwa falsafa ya udhanaishi, tunataja Camus na Sartre, tunapata alama. Swali la Sabina, mkewe, halimo kwenye mtihani. Mtu akijiua, katika jamii zetu jirani huanza kunong'ona, na mjane hubeba msiba na aibu kwa pamoja. Udhanaishi unaomwona anayekwenda na usimwone anayebaki ni udhanaishi wa upande mmoja.

Mzee asiyekumbuka

Ukichaa wa vijana angalau umeingia vitabuni. Mzee anayepoteza kumbukumbu hana hata hapo. Methali zetu zimemfungia mlango. Penye wazee haliharibiki neno. Jungu kuu halikosi ukoko. Mzee wa methali ni ghala la kumbukumbu, na wasomi wetu wameurudia msemo wa Amadou Hampâté Bâ wa Mali unaomfananisha mzee anayekufa na maktaba inayoungua. Ni usemi mzuri. Lakini yule mzee ambaye maktaba yake inaungua naye yu hai, ambaye anamwita binti yake kwa jina la dada yake aliyekufa zamani, yeye tumwiteje?

Mitaani wanasema "uzee umemzidi", "amerudi utotoni", na mahali pengine wanasema mchawi. Hili la mwisho si mzaha: huko Usukumani vikongwe wameuawa kwa tuhuma hizo. Wataalamu husema demensia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na wanatuambia kwamba si sehemu ya lazima ya uzee. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwachunguza wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi. Kwa hesabu iliyorekebishwa kwa umri, kiasi cha 6.4 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa huu. Hai si Kisarawe, na siwezi kuihamisha takwimu hiyo kama mzigo. Inatosha kutuambia kwamba jambo hili lipo Tanzania, tena vijijini.

Sasa tujitazame wenyewe. Tunapokwenda Maneromango, Chole au Mlandizi kukusanya hadithi na nyimbo, huwa tunauliza, "Ni mzee gani anakumbuka vizuri?" Yule wa pembeni anayerudia neno moja tunaambiwa, "Huyo achaneni naye, hana kumbukumbu." Tunaachana naye. Yaani mbinu yetu ya utafiti imeshamhukumu kabla ya uhakiki kuanza. Na ni hasara ya kitaaluma pia, kwa sababu inajulikana kwamba nyimbo za ujanani mara nyingi hudumu kichwani hata pale majina ya watoto yamepotea. Mama asiyejua leo ni siku gani anaweza kuimba wimbo wa unyago mwanzo hadi mwisho. Sisi tumekwisha funga daftari.

Ngoma na kilele

Kuna watakaosema jibu liko katika jadi. Wazaramo wana ngoma za kupunga, madogoli ikiwa mojawapo, na Marja-Liisa Swantz alikwisha chapisha utafiti wake juu ya ibada na ishara za Wazaramo mwaka 1970. Ukiitazama ngoma ya kupunga kama sanaa ya maonyesho, ina jambo moja ambalo riwaya haina: watazamaji wake wanadaiwa. Pepo anaulizwa jina lake na anachotaka, na anachotaka mara nyingi kinatoka kwa jamaa. Msomaji wa riwaya yeye hadaiwi kitu. Anamaliza ukurasa, analala.

Hata hivyo tusiipambe jadi maua. Wako waganga wanaofunga watu kamba, wanaopiga, wanaokula mbuzi wa familia hadi zizi likauke, na mgonjwa wa kifafa au wa homa kali anacheleweshwa hospitali. Zaidi ya hayo, ngoma ina upungufu uleule wa tamthilia: inataka kilele. Usiku wa mwisho pepo anapanda, anasema, anaondoka. Demensia haiondoki. Asubuhi wapigaji ngoma wanarudi kwao, na binti anabaki na mama anayeuliza swali lilelile kwa mara ya arobaini.

Hapa naona kiini cha tatizo, nacho ni cha fani kabla hakijawa cha maudhui. Riwaya na tamthilia tulizozoea hujengwa kwa mgogoro unaopanda hadi kilele kisha ukashuka. Ulezi haupandi wala haushuki. Ni kuchemsha uji, kufua shuka, kutafuta kandambili moja iliyofichwa kwenye pipa la unga, na kesho tena. Mwandishi akiubana katika muundo wa kilele, atalazimika ama kumwua mgonjwa ama kumponya kwa miujiza, na mlezi atageuka kuwa mpita njia.

Lakini fasihi simulizi tayari ina fani inayoweza kubeba marudio: nyimbo za kubembeleza, nyimbo za kutwanga, ngano zenye kiitikio. Wimbo wa bembea hauna kilele. Unarudiwa mpaka mtoto alale, na muimbaji ndiye kitovu chake. Mwandishi anayetaka kuandika juu ya mlezi wa mgonjwa aanzie hapo. Kule Hai, tiba ya kuuchangamsha ubongo imejaribiwa kwa wazee wenye demensia: wanakutana kwa vikundi, vikao 14, wanazungumza, wanaimba, wanakumbushana mambo ya zamani. Madaktari wameiona nguvu ya mazungumzo na nyimbo. Sisi wenye somo lenyewe tuko wapi?

Pingamizi

Nasikia mwenzangu akisema, "Bwana, fasihi si idara ya ustawi wa jamii. Ukiondoa ishara, umeua sanaa." Sijasema iondolewe. Nasema ishara inayosahau mwili uliyoibeba ni dhaifu hata kama ishara. Kitaru anatisha kwa sababu kwanza ni mtoto mgonjwa. Angekuwa tabaka tupu, nani angemwogopea?

Wala kazi ya sanaa na vijiji si ngeni kwetu. Penina Mlama, katika kitabu chake cha 1991, ameeleza jinsi walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walivyokaa na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza, mwaka 1982 na 1983, wakatunga nao maonyesho juu ya matatizo yao. Njia hiyo inaweza kufika Kisarawe. Walezi wakae chini, waseme wenyewe, waonyeshe wenyewe, na muuguzi wa Tumbi awepo kuwaeleza lini wamlete mgonjwa.

Hitimisho

Napendekeza mambo matatu. Walimu wetu, mkitunga swali juu ya Mashetani, ongezeni kipengele kimoja juu ya wazazi. Wanafunzi wenzangu, safari ijayo ya Maneromango au Mlandizi, kaeni na yule mzee asiyekumbuka, pamoja na anayemlea. Rekodini wimbo wake, na mwulizeni binti yake analala saa ngapi. Na waandishi chipukizi wa jarida hili, tuleteeni hadithi ambayo mgonjwa haponi wala hafi hadi ukurasa wa mwisho. Tutaisoma, na kama ni mbaya tutasema ni mbaya.