uPA na PAI-1: Protini Zinazotabiri Kusambaa kwa Saratani ya Matiti

Saratani ya matiti ambayo haijafika kwenye tezi za kwapani mara nyingi huisha kwa upasuaji na mionzi. Hata hivyo, baadhi ya wagonjwa hurudiwa na ugonjwa kwenye mifupa, mapafu au ini. Ili kuwatambua mapema, watafiti walipima protini mbili ndani ya uvimbe wenyewe: uPA na PAI-1.

uPA ni kimeng'enya kinachogeuza plasminojeni kuwa plasmini, nayo plasmini huyeyusha nyuzi za protini zinazozizingira seli. Nyuzi hizo zikikatika, seli za saratani hupenya hadi kwenye mishipa ya damu. Mwaka 1988, Michael Duffy na wenzake wa Dublin walionyesha kuwa uvimbe wenye uPA nyingi ni mkali zaidi. PAI-1 huizuia uPA, hivyo ingetarajiwa kuwa kinga. Vipimo vikaonyesha kinyume. Ikizidi, huzisaidia seli kubanduka zilikonata na huchochea kuota kwa mishipa mipya inayolisha uvimbe.

Kipande kibichi cha uvimbe kiligandishwa, kikasagwa, protini zikatolewa, kisha zikapimwa kwa kingamwili kwa njia ya ELISA. Mpaka uliwekwa kwenye nanogramu 3 za uPA na 14 za PAI-1 kwa kila miligramu ya protini. Aliyevuka hata mpaka mmoja aliwekwa kwenye kundi la hatari.

Jaribio la Chemo N0, lililoanza Ujerumani mwaka 1993, liliupima mpango huo. Kati ya wagonjwa 556 waliochambuliwa, 241 walikuwa chini ya mipaka yote miwili na hawakupewa tibakemikali. Wenye viwango vya juu waligawanywa kwa kura: wengine walipewa dawa, wengine wakafuatiliwa tu. Kwa makadirio ya miaka 3, ugonjwa ulirudi kwa asilimia 6.7 ya kundi la kwanza, na asilimia 14.7 ya wenye viwango vya juu wasiopewa dawa. Uchambuzi wa pamoja wa wagonjwa 8,377, uliochapishwa mwaka 2002, uliafiki.

Kikwazo kilikuwa sampuli. Hospitali nyingi huhifadhi uvimbe kwenye fomalini na nta, ilhali ELISA hii huhitaji nyama mbichi iliyogandishwa. Vipimo vya jeni vinavyofanyika kwenye sampuli za nta vikaenea zaidi.