Mkasi, gundi na mkia wa kwera

Mvua zikishika hapa Cheptiret, Uasin Gishu, na nyasi za malisho zikafika magotini, dume wa ndege aitwaye kwera mkia mrefu hubadili mavazi. Nje ya msimu alikuwa wa kahawia, huwezi kumtofautisha kirahisi na jike. Sasa ni mweusi ti, mabega mekundu, na nyuma anakokota mkia wa karibu nusu mita ilhali mwili wenyewe haumzidi shomoro kwa mengi. Huruka chini chini juu ya nyasi, mabawa yakipiga taratibu, mkia umening'inia ili aonekane kutoka mbali. Jike ana mkia wa sentimita 7 hivi, na ndiye anayelea makinda peke yake.

Mkia huo ni wa nini? Mwaka 1871 Charles Darwin aliandika kwamba mapambo ya namna hii yalizuka kwa sababu majike huchagua. Wengi hawakukubali, akiwemo mwenzake Alfred Russel Wallace, na kwa zaidi ya miaka 100 hoja ilibaki hoja. Aliyeipeleka kondeni kwa ndege hawa hawa ni Malte Andersson, mwanasayansi kutoka Göteborg, Sweden. Alifanyia kazi yake kwenye nyanda za Kinangop, Kenya, akaichapisha mwaka 1982 katika jarida la Nature.

Ugumu ulikuwa huu. Ukimtazama tu dume mwenye mkia mrefu akipata majike wengi, hujajua lolote. Huenda ana umri mkubwa, huenda ana afya, huenda ameshika kipande kizuri cha nyasi. Mfugaji wa hapa Uasin Gishu anaujua mtego huo: akibadilisha lishe na chumvi siku moja, maziwa yakiongezeka hatajua ashukuru kipi. Ilibidi Andersson abadilishe mkia, na mkia peke yake.

Alikamata madume 36 na kuwapanga katika makundi 9 ya madume wannewanne. Katika kila kundi, dume mmoja alikatwa mkia ukabaki sentimita 14 hivi. Manyoya yaliyokatwa yaligundishwa kwa supaglu kwenye mkia wa dume wa pili, unyoya kwa unyoya, ukarefuka kwa sentimita 20 hadi 30. Kukawa na mkia ambao kwera yeyote hajawahi kuwa nao.

Wa tatu na wa nne ndio wanaonifanya niiheshimu kazi hii. Wa tatu alikatwa mkia, kisha akarudishiwa manyoya yake mwenyewe kwa gundi ile ile, urefu usibadilike. Wa nne alikamatwa akaachiwa bila kukatwa. Bila wa tatu, mpinzani angesema majike wamevutwa au wamefukuzwa na gundi, au na ile mikiki ya kushikwa na kukatwa. Bila wa nne, usingejua kama kukata na kugundisha kwenyewe kumeharibu kitu. Wasomaji wengi wa jaribio hili hukumbuka mkia uliorefushwa, lakini nguvu yake iko kwa hawa wawili ambao urefu wao haukuguswa.

Kipimo nacho kilikuwa cha kushikika. Kwera jike husuka kiota chake ndani ya shungi la nyasi, katika himaya ya dume aliyemchagua. Andersson alihesabu viota katika kila himaya kabla ya kukata mkia wowote, na makundi yalikuwa yakilingana. Alihesabu tena baadaye. Waliorefushwa walipata wastani wa karibu viota 2 vipya kila mmoja. Wengine wote walibaki chini ya 1. Waliofupishwa hawakuachwa mbali na wale wa kawaida. Mvuto ulikuwa kwenye urefu uliopita kiasi.

Lilibaki swali moja, na ni zuri mno: je, si kwamba mkia mrefu unatisha madume wengine, ndipo mwenye nao akapata ardhi bora? Aliangalia. Madume waliofupishwa mkia hawakunyang'anywa himaya zao, wala hawakuacha kuruka na kujionyesha. Waliendelea kulinda nyasi zao kama kawaida, ila majike wengi zaidi walikwenda kwa waliorefushwa. Hapo ndipo hoja ya Darwin ilipopata ushahidi kutoka porini, na ushahidi huo ulitoka katika nyasi za Kenya.

Nasisitiza nyasi kwa makusudi. Kazi yote ilisimama juu ya viota vinavyohesabika, na kiota cha kwera hukaa chini ya mita moja kutoka ardhini. Kinangop kwenyewe sehemu kubwa ya nyasi imeshalimwa. Upande wetu, ngano, mahindi na nyasi za kupandwa za boma rhodes vimegawana ardhi, na trekta la kukata nyasi likiingia makinda wakiwa bado kiotani, hakuna jike atakayewaokoa. Chuo Kikuu cha Moi kiko hapo Kesses, karibu kabisa. Mwanafunzi mwenye daftari na kibali cha mwenye shamba anaweza kuhesabu viota kabla ya beli za nyasi kufungwa, himaya kwa himaya, kama alivyohesabu Andersson. Mkulima akionyeshwa kona yenye viota vingi, wiki chache za kuiacha bila kukatwa zinatosha makinda kuruka, na hasara yake ni beli chache tu.